Acha Tortilla Mezani: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Kinga ya Kisukari Aina ya Pili kwa Familia za Walatino Marekani

"Ukiniondolea tortilla, mume wangu nitamwekea nini mezani?" Mama mmoja wa Kimeksiko aliniuliza hivyo nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, mjini Houston. Tortilla ni chapati yao nyembamba ya mahindi au ngano. Nilikuwa nimetoka kumsomea karatasi ya ushauri iliyojaa mkate wa ngano isiyokobolewa, brokoli na kifua cha kuku cha kuchemsha. Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata hakuja, na wenzake watatu nao hawakuja. Kisayansi karatasi ile haikuwa na kosa, ila ndani yake hapakuwa na jiko la mtu yeyote aliyekaa mbele yangu.

Nawaandikia Waswahili wenzangu tulioko Marekani: wauguzi, wasaidizi wa wagonjwa, wahudumu wa afya ya jamii. Wengi wetu tunapanga nyumba katika majengo yaleyale na Wahondurasi, Wasalvador na Wameksiko, na kliniki zinapotafuta mtu wa kwenda kufundisha mtaani, mara nyingi hututuma sisi. Ninasema Walatino na si Wahispania, kwa kuwa Mhispania kwetu ni mtu wa Hispania. Ninaowazungumzia ni watu wa asili ya Meksiko, Amerika ya Kati, Amerika Kusini na visiwa vya Karibi vinavyosema Kihispania, wanaoishi Marekani.

Hatua ya kwanza: uliza wametoka wapi

Neno Walatino linafunika watu wengi wasiofanana. Yumo Mmeksiko wa kaskazini anayekula tortilla ya ngano na yule wa kusini asiyejua nyingine ila ya mahindi. Yumo Mpuerto Rico wa Bronx anayepika wali na mbaazi, Mdominika anayefungua siku kwa ndizi mzuzu za kupondwa, Msalvador wa pupusa, mkate bapa wa mahindi uliojazwa ndani, na Mkolombia wa arepa, mkate mnene wa mahindi. Ukimpelekea Mdominika somo zima la tortilla, atajua kwamba humjui.

Hata ugonjwa wenyewe hauwapigi sawasawa. Kati ya mwaka 2008 na 2011 watafiti waliwapima Walatino zaidi ya 16,000 katika Bronx, Chicago, Miami na San Diego. Kwa jumla karibu watu wazima 17 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Miongoni mwa wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika walikuwa kama 18, Wakuba kama 13, na wenye asili ya Amerika Kusini kama 10.

Kwa hiyo kabla ya somo la kwanza mwulize kila mmoja mambo manne: familia yenu imetoka wapi, nani anapika, nani anafanya kazi usiku, na mezani huwa mnakunywa nini. Andika majibu. Hayo ndiyo yatakayokuongoza miezi yote ijayo, na jibu la pili ndilo zito kuliko yote. Anayepika ndiye mwanafunzi wako, hata kama aliyeambiwa na daktari kwamba sukari imepanda ni mumewe.

Hatua ya pili: elewa kwa nini wao, ili usiwalaumu

Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinakadiria kwamba Mmarekani mtu mzima ana uwezekano wa asilimia 40 kupata kisukari aina ya pili maishani mwake. Kwa Mlatino uwezekano huo unazidi asilimia 50. Ni zaidi ya nusu. Mtu akisikia hivyo hukata tamaa, au husema ni damu yetu, hakuna la kufanya.

Damu inachangia kweli. Mwaka 2014 watafiti walieleza aina ya jeni iitwayo SLC16A11 inayoongeza hatari ya kisukari. Hiyo hupatikana sana kwa watu wenye asili ya wenyeji wa kale wa bara la Amerika, na Wameksiko wengi wana asili hiyo. Lakini wasimulie habari ya Wapima. Hao ni kabila la wenyeji wa kale wa Amerika, kundi moja likiwa Arizona na jingine Maycoba, milimani katika jimbo la Sonora, Meksiko. Asili yao ni moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, upande wa Arizona watu wazima 38 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Wale wa Maycoba, waliokuwa bado wakilima kwa mikono na kula mahindi, maharage na viazi, hawakufika 7 kati ya 100. Damu ileile, maisha tofauti. Sijapata mfano unaowafungua watu macho haraka kuliko huo.

Ukieleza ugonjwa wenyewe, usiende mbali. Chakula cha wanga kinageuka sukari kwenye damu. Kongosho linatoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuiingiza sukari ile ndani ya seli. Mafuta yakizidi tumboni na kwenye ini, na misuli isipofanya kazi, kufuli huwa zito. Kongosho hulazimika kutoa funguo nyingi zaidi. Miaka kadhaa huweza. Halafu huchoka. Kipindi hicho cha kongosho kuhangaika, sukari ikiwa juu kidogo lakini haijafika kisukari, ndicho tunachokitafuta, maana hapo bado mtu anaweza kurudi nyuma.

Na hilo lilithibitishwa. Utafiti uitwao Diabetes Prevention Program, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2002, uliwafuatilia watu 3,234 waliokuwa na sukari iliyopanda kabla ya kisukari. Waliojitahidi kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini waliipunguza kwa asilimia 31. Kwa wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, mwenendo wa maisha ulishusha hatari kwa asilimia 71. Walatino walikuwemo katika utafiti huo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo unapofundisha, hufundishi jambo la kubahatisha.

Hatua ya tatu: tafuta promotora kabla ya kutafuta ukumbi

Promotora de salud ni mwanamke wa mtaa uleule aliyepata mafunzo ya afya na anayeaminika na majirani zake. Wapo wanaume pia, promotores, ila wengi ni akina mama. Kwetu tungemwita mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Bila yeye utafundisha viti vitupu.

Huwa anajulikana parokiani, kwenye kanisa la kilokole, katika kamati ya wazazi ya shule ya msingi, au katika kliniki ya jamii. Ukimpata, mlipe. Naomba hili lisisitizwe: kazi yake ni kazi, na kumwomba ajitolee mwaka mzima huku wewe unapokea mshahara ni dhuluma. Mwachie aongoze somo kwa Kihispania chake, wewe ukae pembeni kwa namba na maswali ya kitabibu. Usimtumie mtoto wa mtu kuwa mkalimani wa majibu ya damu ya mama yake.

Heshima yao utaielewa haraka, kwa sababu inafanana na yetu. Mtu mzima huitwa doña au don, likifuatia jina lake la kwanza, na husemeshwa kwa usted, yaani "wewe" ya heshima, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu vinginevyo. Hakuna kuanza na namba za sukari kabla ya kuuliza hali ya nyumbani, watoto, mama aliyebaki kijijini. Mswahili aliyelelewa kusalimia hadi salamu ziishe hatapata tabu hapo.

Na usiulize karatasi za uhamiaji. Usizitaje, usiweke fomu yenye nafasi ya namba ya hifadhi ya jamii. Kuna familia ambazo baba ana kibali na mama hana. Swali moja la namna hiyo linatosha kuondoa nusu ya darasa, na walioondoka hawatakwambia kwa nini.

Hatua ya nne: wapimwe

Mpaka mtu apime, hawezi kujua. Hatua ya kabla ya kisukari haina maumivu. Zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watatu Marekani yuko katika hali hiyo, na katika kila kumi wa namna hiyo wanane au zaidi hawana habari.

Namba za kukariri ni hizi. Kipimo cha A1C huonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu: chini ya 5.7 ni salama, 5.7 hadi 6.4 ni hatua ya kabla ya kisukari, 6.5 kwenda juu ni kisukari. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula: miligramu 100 hadi 125 kwa desilita ni hatua ya kabla, 126 kwenda juu ni kisukari. Jibu la kisukari huthibitishwa kwa kipimo cha pili. Mwenye upungufu wa damu au selimundu anaweza kupata A1C ya uongo, kwa hiyo daktari amwangalie kwa njia nyingine. Wakumbuke hasa watu wa visiwa vya Karibi, ambao wengi wana asili ya Afrika.

Asiye na bima apelekwe kwenye kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato. Kabla hata ya damu, lipo jaribio fupi la maswali la CDC, ambalo liko pia kwa Kihispania, linalompa mtu alama za hatari. Promotora anaweza kulifanya naye mlangoni.

Watafute hasa wanawake waliopata kisukari wakati wa ujauzito. Wengi waliambiwa "imeisha" baada ya kujifungua, na hakuna aliyewarudia. Hao wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine na bado ni vijana.

Ambaye majibu yake yamevuka mstari ni mgonjwa anayehitaji daktari, na darasa la kinga halimtoshi. Mwenye kutumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu asibadili mlo wala kuanza mazoezi kwa kukusikiliza wewe tu, maana sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka. Mjamzito naye asiwekwe kwenye mpango wa kupunguza uzito.

Hatua ya tano: panga kwa kalenda yao

Mpango wa taifa wa kuzuia kisukari, ulioanzishwa mwaka 2010 chini ya CDC, unachukua mwaka mzima: vikao visivyopungua 16 katika miezi sita ya kwanza, kisha visivyopungua 6 katika miezi sita inayofuata. Kitabu chake kipo kwa Kihispania, kinaitwa Prevenga el T2, na hukilipii. Kitumie kama kiunzi, lakini vyakula vya mifano uvibadilishe na promotora wako.

Wengi huanza Januari kwa kuwa ni mwaka mpya. Mimi nashauri wiki ya pili ya Februari. Kwa familia za Kimeksiko sikukuu haziishi Krismasi. Tarehe 12 Desemba ni ya Bikira Maria wa Guadalupe, kuanzia tarehe 16 hadi 24 ni posadas, yaani sala na karamu za kila usiku kabla ya Krismasi, tarehe 6 Januari hukatwa mkate mtamu wa Wafalme wenye kidoli ndani, na anayekutwa na kidoli hupikia watu tamales, unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke, tarehe 2 Februari. Kabla ya hapo unapigana na bibi, na bibi atashinda. Baada ya hapo inakuja Kwaresima, ambapo nyumba za Kikatoliki hupunguza nyama na kurudia samaki, dengu na mboga. Jiko lenyewe linakuunga mkono. Ukianza hapo, vikao vya miezi sita ya kwanza vinaisha mwezi wa nane, na Desemba inawakuta watu wameshajua kula tamale moja badala ya nne.

Saa ya kukutana wachague wao. Fundi ujenzi anaondoka alfajiri, msafisha ofisi anaingia kazini jioni. Weka kona ya watoto na mtu wa kuwaangalia. Mezani weka matunda yaliyokatwa, yakanyunyiziwa ndimu na pilipili kavu. Wao hula hivyo embe na matango kama sisi tulavyo embe mbichi kwa chumvi na pilipili.

Hatua ya sita: anza na kinywaji

Kama una nguvu ya kufundisha jambo moja tu, fundisha hili. Kumpokonya mtu chakula cha mama yake kunauma, lakini kubadili anachokunywa kunawezekana wiki hiihii, na faida huonekana mapema.

Chukua glasi inayoonyesha ndani, sukari na kijiko cha chai. Kopo la kola la mililita 355 lina gramu 39 za sukari, yaani karibu vijiko 10. Mwachie promotora ahesabu kwa sauti akimimina. Ukipiga hesabu hiyohiyo kwenye chupa ya mililita 600, ambayo fundi ujenzi humaliza na chakula cha mchana, unavuka vijiko 16. Usihubiri. Iache glasi ikae mezani mpaka mwisho wa kikao.

Kisha ingia kwenye vinywaji vya nyumbani, kwa sababu wengi wakiacha soda huhamia huko wakidhani wamepona. Agua de jamaica ni choya, kilekile cha pwani yetu. Agua de tamarindo ni ukwaju. Horchata ni maji ya mchele yenye mdalasini. Vyote hivi vyenyewe havina ubaya, ila jagi moja linaweza kumwagiwa kikombe kizima cha sukari. Mfundishe mpishi kupunguza kwa ngazi: wiki ya kwanza aondoe robo ya sukari, wiki ya tatu aondoe nusu, asiseme neno kwa walioko mezani. Ulimi hujifunza. Jamaica yenye kipande cha mdalasini na maganda ya chungwa hunyweka vizuri ikiwa na sukari kidogo sana. Horchata ndiyo ngumu, kwa kuwa mchele wenyewe ni wanga, hiyo ibaki ya sikukuu. Juisi ya machungwa, hata ya kukamua nyumbani, ina sukari inayokaribia ya soda; wale chungwa lenyewe. Kwa watu wa Karibi uliza habari za malta, kinywaji kitamu cha kimea kisicho na kilevi, na kahawa ya vijiko vitatu vya sukari.

Mabadiliko haya ni ya nyumba nzima. Mama akinywa maji huku friji imejaa soda ya watoto, hatadumu mwezi. Na watoto hao ndio watakaopimwa miaka ishirini ijayo.

Wafundishe pia kusoma kibandiko. Vyakula vya Marekani vina mstari wa sukari iliyoongezwa: asilimia 5 ni kidogo, 20 ni nyingi. Tangu Oktoba 2020 Meksiko inabandika alama nyeusi za pembe nane kwenye bidhaa zenye sukari kupita kiasi, na baadhi ya waliofika karibuni wanazijua alama hizo kuliko wewe. Waache wakufundishe.

Hatua ya saba: sahani

Sasa turudi kwa yule mama na swali lake. Jibu nililopaswa kumpa ni hili: mwekee tortilla mbili, za mahindi, na ujaze sahani mambo mengine uliyokua ukiyala kwenu.

Kanuni ya sahani ni rahisi. Chukua sahani ya upana wa sentimita 23. Nusu yake ni mboga zisizo na wanga mwingi, robo ni nyama, samaki, mayai au maharage, robo iliyobaki ni wanga. Sahani za majumbani huwa kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo mwombe kila mmoja alete sahani yake ya kweli, mpime pamoja.

Tortilla ya mahindi yenye upana wa sentimita 15 ina kama gramu 12 za wanga. Mahindi yake huchemshwa kwanza na chokaa, ufundi wa kale wa Meksiko uitwao nixtamal, ambao huongeza kalisi na kufungua vitamini iliyofungika ndani ya punje. Ni chakula chema. Kinachopandisha sukari ni tortilla nane pamoja na wali na soda. Ile kubwa ya ngano ya kufungia burrito inaweza kubeba wanga wa tatu za mahindi au zaidi, na nyingi zina mafuta. Hiyo ndiyo ya kupunguza. Kikombe cha wali uliopikwa kina kama gramu 45 za wanga. Kwa hiyo waamue: leo tortilla au leo wali. Vyote viwili kwenye sahani moja ndiyo tabia ya kuvunja, na mpishi akielewa sababu yake hahitaji mizani.

Maharage ni hazina yao kama yalivyo yetu. Kikombe kimoja cha yaliyopikwa kina gramu 15 hivi za nyuzinyuzi, zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Tatizo liko kwenye kuyaponda na kuyakaanga kwa mafuta ya nguruwe. Wayale ya chungu, na mchuzi wake, kitunguu na majani ya epazote, kiungo chao chenye harufu kali. Akitaka ya kuponda, aponde kwa maji yake ya kuchemshia na mafuta kijiko kimoja.

Mboga zipo, hazihitaji kuagizwa kutoka kitabu cha mtu mwingine. Nopales ni majani ya mpungate yaliyotolewa miiba, yakakatwa na kukaangwa na nyanya na kitunguu. Ipo chayote, tunda la kijani lipikwalo kama mboga, ipo calabacita ambayo ni aina ya mumunye mchanga, yapo maua ya boga, kabichi, na nyanya na pilipili za salsa, yaani kachumbari yao, ambazo ni mboga halali kabisa. Niligundua kwamba akina mama wengi walikuwa wakizila kijijini na wakaziacha Marekani kwa kuona ni chakula cha shida. Kumwambia mtu kwamba chakula cha bibi yake kilikuwa bora kuliko cha dirishani kwenye mgahawa wa haraka humrudishia heshima yake, na hapo ndipo darasa huanza kuongea.

Kwa Wapuerto Rico na Wadominika somo ni jingine. Muhogo, magimbi, ndizi mzuzu na wali huja pamoja kwenye mlo mmoja, na vyote ni robo ileile ya wanga. Achague kimoja. Ndizi mbichi iliyochemshwa hupandisha sukari taratibu kuliko iliyoiva na kukaangwa. Arroz con gandules, wali wa mbaazi, ugeuzwe uzito: mbaazi ziwe nyingi, wali kidogo, na kando yake saladi ya parachichi. Watu wa pwani tunaokula mbaazi za nazi asubuhi tunaelewa ladha hii. Ukimwambia Mpuerto Rico kwamba gandules ziko kwenu, umeshapata kiti jikoni kwake.

Mpikie darasani. Angalau kikao kimoja kati ya vinne kiwe cha kupika, na wapike wao.

Hatua ya nane: mwili utembee

Dakika 150 kwa wiki ni dakika 30 kwa siku tano, na zinaweza kukatwa vipande vya dakika kumi. Mwendo wa kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba. Utasikia, "Nasimama kazini kwa muda wa saa kumi kila siku." Mwamini, amechoka kweli. Lakini kusimama kiwandani au kuinua ndoo haimpi kila mara mwendo wa moyo kwenda mbio mfululizo. Mwombe atembee dakika kumi tu baada ya chakula cha jioni, maana misuli inayotembea baada ya kula huvuta sukari kutoka kwenye damu moja kwa moja.

Mtaa usio salama, joto la Texas la mwezi wa saba, woga wa kuonekana na polisi: hivi ni vizuizi vya kweli. Tembeeni kwa kundi ndani ya jengo kubwa la maduka asubuhi, au ukumbi wa kanisa. Wekeni muziki wa cumbia, bachata au salsa, mcheze dakika ishirini. Hakuna atakayeita mazoezi, ila jasho litatoka.

Hatua ya tisa: yapokee maswali magumu

Wengi watakwambia kisukari kilimwingia mtu kutokana na susto, yaani mshtuko: ajali, habari ya kifo, kuvuka mpaka. Usicheke wala usikatae haraka. Mshtuko na msongo hutoa homoni zinazopandisha sukari, hilo ni kweli. Sema hivyo, kisha ongeza kwamba mara nyingi sukari ilikuwa ikipanda kimyakimya miaka kadhaa, na ile siku ya msiba ndiyo mtu alipimwa.

Watakwambia insulini inapofusha, kwa kuwa shangazi alianza kuchoma sindano akapoteza macho. Eleza kwamba kinachoharibu macho ni sukari ya juu ya miaka mingi, na shangazi alipewa insulini akiwa amechelewa, mambo mawili yakakutana. Swali hili litajirudia. Lijibu kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Nopal na chai za mitishamba? Nopal aile kama mboga, ni nzuri. Chai amwonyeshe daktari, hasa kama anatumia dawa, na asiache kidonge kwa sababu yake. Na anayesema ni mapenzi ya Mungu usimtoe kwenye imani yake. Wao wenyewe wana msemo, ayúdate que yo te ayudaré, jisaidie nami nitakusaidia. Promotora atausema kabla yako.

Hatua ya kumi: pima mwendo, na usimwache anayekwama

Lengo ni asilimia 5 hadi 7 ya uzito kwa miezi sita. Kwa mwenye pauni 180, hizo ni pauni 9 hadi 13 tu. Wapimwe faraghani, kila mmoja aandike namba yake kwenye kadi yake. Usitangaze mbele ya watu.

Wiki ya saba au ya nane watu huanza kupungua. Siku hiyohiyo promotora apige simu, asitume ujumbe. Mara nyingi sababu ni gari limeharibika au zamu imebadilishwa, na kiti kingine kwenye gari la jirani kinatosha. Kwa yule ambaye uzito haushuki kabisa baada ya miezi kadhaa, hasa mwenye umri chini ya miaka 60 na uzito mkubwa sana, au aliyewahi kupata kisukari cha mimba, mrudishe kwa daktari wazungumze kuhusu metformini. Kumeza dawa hiyo si kushindwa.

Kikao cha mwisho kila mmoja aondoke na tarehe ya kupima A1C iliyokwisha kuandikwa kliniki, pamoja na jina la mtu wa darasani atakayemsindikiza, kisha arudie kipimo kila mwaka. Mwombe pia alete mtu mmoja wa kwao kwa darasa la Februari ijayo. Darasa letu la pili lilijaa hivyo, na yule mama wa tortilla alirudi akiwa na dada zake wawili na jagi la jamaica isiyo na sukari.